Doh ya Shags Inafuata Mvua

Nyuma ya mlango wa chumba ya mathee, kwetu Kathonzweni, kuna kiondo ya katani inaninginia kwa msumari. Susu ndio aliifuma. Tangu nikiwa mtoi najua hio ndio ofisi ya keja yetu. Risiti za shule, kitabu ya kliniki, kadi ya chama, karatasi za shamba, laini za simu zenye zilikufa kitambo, zote zinaishi humo ndani. Januari, siku tatu kabla shule zifunguliwe, tuliimwaga yote mezani. Tulikua wanne: mathee, mimi kifungua mimba wake, brathe wangu wa nduthi, na sistangu mdogo wa sekondari. Tulianza saa mbili usiku. Saa sita ilitupata bado tuko hapo, taa ya sola imeanza kufifia, mathee amevua kitambaa ya kichwa akaiweka juu ya zile karatasi ndio upepo isizibebe.

Chenye kilituleta kwa hio meza ni ngiri moja. Nilikua nimemtumia mathee thao moja ya unga nikiwa Wote, kwa mboka. Baada ya dakika kumi akanipigia: "Mwana wakwa, hiyo pesa haijafika." Nikacheki simu yangu, imefika. Nikamwambia acheki tena. Akasema balansi ni sufuri. Hapo ndio nilishikanisha: laini yake ilikua na Fuliza. Ukiwa na Fuliza, doh yoyote yenye inaingia M-Pesa inaenda kwa deni kwanza kabla wewe uiguse. Thao yangu iliingia ikamezwa, na unga haikununuliwa. Mathee hakua amejua Fuliza ni loni. Alidhani ni huruma ya simu, ati ukikosa inakuongezea.

Si yeye peke yake. Fuliza ilikuja Januari 2019, na hadi leo shags imejaa wamama wenye walikubali kwa kubonyeza namba moja, kwa lugha yenye hawasomi, wakiwa kwa foleni ya posho mill. Ndio nasema hii mambo ya kusafisha doh ya nyumba haianzi na daftari safi. Inaanza na simu. Chukua simu ya kila mtu, laini moja baada ya nyingine, usome meseji zote za miezi mitatu. Hio kazi tulimpea sistangu. Alikua anasoma kwa sauti kama anasoma habari kwa redio, mimi naandika, na hakuna mtu alikua anaruhusiwa kumkatiza.

Cheki chenye kilitoka. Mathee: Fuliza 1,800, loni ya simu 4,000, chama 10,000, na duka 3,650. Hio ya duka ilikua kwa daftari ya mwenye duka mwenyewe. Nilikua nimeiomba mchana nikaipiga picha. Ukurasa mzima kwa penseli: sukari nusu, kibiriti, mafuta ya finje, sukari nusu, unga, sukari nusu. Brathe: Fuliza 900, apu moja 2,500, apu ingine 1,200. Mimi nilikua na 6,000 nimechukua nikalipe keja Wote, na sikua nimeambia mtu. Jumla 30,050. Alafu kuna zile za kila siku, zenye hata hatukua tunaziita madeni: nduthi 450, sola 50, simu ya sistangu ya kulipa mdogo mdogo 40. Hio ni 540 kila siku Mungu ameumba, mvua iwe, jua liwe. Kwa mwezi ni 16,200. Watu wanne, madeni 11.

Mathee alinyamaza sana. Alafu akauliza swali yenye bado inanirudia: "Na sisi tunapata pesa siku gani?"

Hapo ndio stori yote iko. Hatupatangi doh kila siku. Hatupatangi hata kila mwezi, ukiniondoa mimi na kamshahara kangu. Ukambani doh inakuja na mvua. Mvua yetu ya kuaminika ni ya Oktoba hadi Disemba, si ya Machi kama kwingine. Ukipanda ndengu hio Oktoba, inakutaka miezi miwili, mitatu, unaanza kuvuna Januari ukielekea Februari. Maembe yanakuja hapo hapo, Disemba mpaka Februari. Machungwa na nzuu ni katikati ya mwaka, Julai, Agosti. Alafu kuna lile shimo: Septemba, Oktoba, Novemba. Ghala imeisha, mbegu inatakikana, ng'ombe za kulima zinataka kulipwa, karo ya muhula wa tatu iko mlangoni. Msee yeyote wa Makueni ama Kitui anajua hio miezi venye inafinya. Ndio miezi yenye loni nyingi za keja yetu zilichukuliwa. Tulicheki tarehe, karibu zote ni kati ya Septemba na Novemba.

Sasa linganisha. Fuliza inahesabu kwa siku. Hustler Fund, yenye ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, riba yake ni ndogo ukweli, 8% kwa mwaka, lakini unafaa kurudisha kwa siku 14. M-Shwari, tangu ianze 2012, ni siku 30, na ada yake ilikua 7.5% hio mara moja. Kwa hio ada, ukikopa 1,000 ulikua unarudisha 1,075. Inakaa kidogo. Lakini ukiirudisha ukichukua ingine, mwezi kwa mwezi, mwaka ukiisha ulikua umelipa 900 ya ada kwa kutumia thao moja yenye ni ile ile. Na ndengu haiivi siku 14. Haiivi siku 30. Hizo loni zimepangwa na mshahara wa mjini, na sisi tunazilipa na shamba. Lazima uchukue ingine ulipe ya kwanza, ju kitu ya kulipa bado iko na maua.

Ndio maana hizi ushauri za pesa zenye tunaletewa kutoka Kanairo, ati gawanya mshahara mafungu matatu kila mwisho wa mwezi, haziingiliani na keja zetu. Mathee hana mwisho wa mwezi. Ako na mwisho wa mvua. Tulichora kalenda yetu nyuma ya karatasi ya sukari: miezi kumi na miwili, juu tukaandika chenye kinaingia, chini chenye kinatoka. Januari ndio ilituuma roho. Karo inatakikana wiki ya kwanza, ndengu bado iko kwa shamba ama imetandazwa uwanjani ikikauka. Broka anajua hio kitu kukuliko. Anakuja na pikapu wiki hio hio ya kufungua shule, ako na doh mkononi, anakupea bei ya mtu mwenye hana wakati.

Kwetu alikuja na 75 kwa kilo. Tulikua na magunia matano ya kilo 90. Miaka ingine mathee angemuuzia yote palepale. Safari hii alimuuzia mawili tu, ikatoka 13,500. Matatu tukayaweka kwa ile mifuko ya PICS, ile ya nailoni ndani mara mbili, unafunga shingo ya kila moja kivyake hewa isiingie, na wadudu wanakufa humo ndani bila dawa. Mfuko mmoja tulinunua 250. Mathee alitaka kufungua acheki baada ya wiki mbili, tukamkataza, ju ukifungua hewa inaingia na kazi yote imeharibika. Aprili broka yule yule alirudi, safari hii ndio ako na haraka, na bei ilikua 110. Tukauza magunia mawili: 19,800. Yangeuzwa Januari yangetoa 13,500. Hio tofauti ya 6,300 hakuna mtu aliitolea jasho zaidi. Ilitoka kwa kungoja, na tuliweza kungoja ju tulikua tumejua kinachodaiwa ni kiasi gani na ni lini.

Gunia la tano halikuuzwa. Nusu ni dishi, nusu ni mbegu ya Oktoba. Mathee ndio aliamua, na akatuambia sababu. Wazee wa Ukambani wanapea njaa majina, na kuna moja ya miaka ya 1980 wanaiita Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa na doh iko mkononi. Pesa watu walikua nayo. Chakula ya kununua ndio haikuepo. Mathee alikua msichana wakati huo, na anakumbuka babake akirudi kutoka soko na noti zile zile alizoenda nazo. Kwa hivyo ukiniambia unapanga doh ya nyumba huku kwetu na hujahesabu ikumbi, ile ghala, bado hujapanga. Debe la muthokoi ni pesa. Andika hio pia kwa daftari.

Tulilipa kwa mpango wa mvua. Doh ya Januari, ndengu 13,500 na maembe 12,000, ilienda kwanza kwa zile zinahesabu kwa siku. Fuliza mbili, 2,700. Apu za brathe, 3,700. Loni ya simu, 4,000. Duka 3,650, ju yule mama wa duka ametuvumilia kuliko benki yoyote na pia ako na watoto wa shule. Karo ikaenda 7,500. Hio siku Fuliza ilifika sufuri tulijitoa palepale, kwa laini zote. Inawezekana, ukishamaliza deni unajiondoa, na doh ukitumiwa inakaa. Ile 6,000 yangu nililipa na mshahara, mara tatu, elfu mbili mbili.

SHA ililipwa pia, 3,600. Tangu Oktoba 2024 ilichukua mahali ya NHIF, na kwa sisi wenye hatuna payslipu kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, lakini unalipa ya mwaka mzima. Nimeskia wasee wakilia ati mwaka mzima ni mzigo. Ni mzigo ukiidai Oktoba. Wakati wa maembe inalipika. Huku Makueni hatukuanza jana na hio mtindo: MakueniCare ya 2016 ilikua 500 kwa boma, kwa mwaka, na watu walilipa. Ile siku mathee alipata ile meseji ya kuthibitisha alimwonyesha jirani, na jirani akaenda kuuza kuku wawili akalipe yake.

Chama ndio hatukulipa haraka, na hapa najua wengine watanibishia. 10,000 ni deni kubwa kuliko zote kwa ile orodha, na ushauri wa kawaida unasema anza na kubwa. Mi nasema anza na ile haina masikio. Chama iko na masikio. Mathee alisimama kwa mkutano akasema ukweli, nitalipa nusu Aprili, nusu wakati wa nzuu. Wakakubali bila kelele, ju kila mama pale ndani analima nzuu na anajua inavunwa lini. Na riba yenyewe inarudi kwao Disemba wakigawana. Hizi vyama zetu zina mizizi ya kitambo. Zimetoka kwa mwethya, ile desturi ya kulimiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Matuta yenye unaona yamekata vilima vya Mbooni na Kilungu yalichimbwa hivyo, mikono kwa mikono. Watu wenye walishika mchanga usiende na maji wanaweza kushika deni yako miezi saba.

Kuna kitu moja ngumu zaidi ya hesabu, na siwezi kuiruka. Brathe aliposomewa apu ya pili, ile ya 1,200, aliangalia chini. Ilikua deni ya kubeti, ile kindege inapaa kwa skrini. Alikua amepoteza doh ya nduthi ya siku tatu, akakopa alipe ndio nduthi isichukuliwe. Alikua amebeba hio kitu miezi miwili. Hao watu wa apu walikua wamempigia hadi mzee wa kanisa, wakimwambia huyu kijana ni mwizi. Kama inakufanyikia, jua hivi: tangu 2022 kuna kanuni za Benki Kuu zinazosimamia hawa wakopeshaji wa simu, na kupigia watu wa kontakti zako kukuaibisha ni kosa. Unaweza kuwashtaki kwa Kamishna wa Data. Aibu ni yao.

Mathee hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Umekula?" Alikua hajadishi tangu asubuhi, aliogopa hio meza. Akamletea isyo kwa sahani, akala tukiendelea kuandika. Mi nikaona venye siri ndio takataka kubwa kwa hio keja, kuliko risiti zote za kwa kiondo. Mimi na 6,000 yangu, yeye na kindege, mathee na Fuliza yenye alidhani ni huruma. Kila mtu alikua anaficha ndio asiumize wengine, na kila mtu alikua anakopa kulipa chenye mwingine angemsaidia bure.

Sai brathe ako na kitabu kadogo, anakaweka chini ya kiti ya nduthi. Anaandika mafuta, anaandika 450, anaandika kinachobaki, alafu soo moja inaenda kwa mkebe wa mathee, nje ya simu kabisa. Zile siku hakuna wateja Wote haandiki uongo. Anaandika sufuri.

Mchango ya matanga bado tunapambana nayo. Niko kwa grupu sita za WhatsApp, na hakuna wiki inapita bila mtu kuzikwa ama kulazwa. Tuliamua keja yote iwe na 300 kwa mwezi ya hio kazi. Ikiisha, tunaenda wenyewe: brathe anabeba maji na nduthi, mathee anapika, mi nakaa na wafiwa. Hakuna mtu amewahi kutufukuza kwa sababu tulikuja na mikono badala ya mia mbili.

Na mbuzi. Dem ya brathe ni wa Mutomo, huko Kitui, na kwao mbuzi ndio akaunti ya dharura. Kitambo ukikwama ulikua unachoma makaa, lakini 2018 kaunti ikapiga marufuku hio biashara, na mti wenyewe umeisha. Sasa ni mbuzi. Shida ni venye watu wanangoja. Ule ukame wa kutoka mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo mvua ikikataa, familia zilikaa na mifugo mpaka ikakonda, sokoni kila mtu anauza siku moja, bei ikaanguka, zingine zikafia njiani. Babake huyo dem alitueleza chenye anafanya sasa: mvua ya Novemba ikichelewa wiki mbili, anauza nusu zikiwa bado na nyama, anaweka hio doh kwa SACCO, anangoja. Haulizi majirani kama wameuza. Anacheki mawingu na anacheki kalenda yake.

Kwetu kiondo ya susu bado iko kwa msumari, lakini imepungua uzito. Ndani kuna daftari moja, kadi ya chama, karatasi za shamba, na ile karatasi ya sukari yenye kalenda. Nzuu tulivuna Agosti, tukalipa chama nusu yenye ilibaki. Nduthi bado iko na miezi yake. Mathee amejifunza kucheki balansi mwenyewe, anabonyeza pole pole, midomo ikisoma namba.

Ka uko Kibwezi, Mwingi, Kabati ama Emali, na ndengu yako iko kwa shamba ama bado iko kwa mfuko wa mbegu, usingoje broka akukute. Enda shags wikendi hii. Kaa na mathee, mshike simu yake pamoja, na umuulize kwa heshima ako na laini ngapi na anadaiwa na nani. Alafu mwambie zako pia.